Fumbo la herufi ni penseli na karatasi, simu weka pembeni

Niseme mapema tu kwamba hii ni ishu yangu binafsi na wengine mtaniona mshamba, lakini hivi, mtu anayechukua fumbo la herufi la jiokashingi, anakopi, anapesti kwenye programu, anapewa jibu, anawasha gari, huyo ametegua nini? Programu ndiyo imetegua. Yeye ni dereva tu.

Kwa wasioujua huu mchezo: mtu anaficha kopo mahali, anaweka koodineti mtandaoni, wewe unalisaka kwa GPS, ukilipata unasaini kikaratasi kilichomo ndani na unalirudisha palepale. Ulianza Mei 2000, Marekani walipoacha kuivuruga makusudi GPS ya raia, na kesho yake tu jamaa mmoja kule Oregon akaenda kuficha ndoo ili wenzake waitafute. Sasa kuna makopo ya mafumbo, koodineti unazoziona pale ni danganya toto, za kweli unazipata ukishategua. Na fumbo la kawaida kabisa ni la kubadilisha herufi, kila A imekuwa W, kila N imekuwa P, hivyohivyo mpaka mwisho. (Ile hinti ya chini ya ukurasa wa kopo ambayo herufi zake zimesogezwa hatua 13 siihesabu kama fumbo, ukisogeza 13 tena inarudi ilivyokuwa, lile ni pazia tu jicho lisione kabla ya wakati.)

Ukimwambia mtu afanye kwa mkono anaruka juu, oh funguo, yaani namna za kupanga herufi ipi imekuwa ipi, zinazowezekana kwa herufi 26 ni kama 4 na sifuri 26 nyuma yake, nani ana muda huo. Kweli hakuna mwenye muda huo, ndiyo maana hakuna anayejaribu ufunguo mmoja mmoja. Al-Kindi, yule mwanazuoni wa Kiarabu, alishaonyesha njia huko Baghdad karne ya 9: hesabu kila alama imetokea mara ngapi, linganisha na jinsi lugha yenyewe inavyozitumia herufi zake, na alama zitaanza kujitaja.

Hapo kwenye "lugha yenyewe" ndipo wengi wanapoangukia pua. Wanaibeba ile orodha ya Kiingereza, E kwanza, halafu T, halafu A, wanaipachika kwenye fumbo la Kiswahili kisha wanalalamika kwamba mwenye kopo kakosea. Hajakosea bana, umepima kanzu kwa kipimo cha viatu. Kwenye Kiswahili A ndiyo bosi, tena anaongoza kwa mbali, na huhitaji hata kuhesabu sana, we chukua alama za mwisho za kila neno uziandike pembeni. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo huko mwisho utakuta alama tano tu zinapokezana, na ile iliyojazana kuliko wenzake ni A, maana na, ya, wa, za, la, kwa, zote zinaishia hapohapo. Ukiona alama ambayo kila inapotokea nyuma yake kuna mwenzake yuleyule, hiyo ni C na mkia wake H. Herufi pacha zilizokaa pamoja ni chache, saa, kuu, mzee, nne, basi ukizikuta umeokota dhahabu. Programu nyingi nilizojaribu hazijui lolote kati ya haya, zinajua Kiingereza.

Sasa nionyeshe kwa mfano, maana hili ndilo lililonipa hasira na pia ndilo lililonifunza adabu. Kuna kopo moja mwenyewe aliweka koodineti karibu zote wazi, akaficha tarakimu tatu za mwisho za kila mstari, akaziandika kwa maneno:

RDKW PWPZ HBTW
KDRW PPZ HFDYD

Herufi 24 tu. Lakini unajua ni tarakimu, kuanzia sifuri hadi tisa, hivyo unatafuta maumbo. PPZ inapiga kelele yenyewe, herufi tatu na mbili za mwanzo ni pacha, hiyo ni nne, haiwezi kuwa kitu kingine. Kwa hiyo P ni N na Z ni E. Nenda kwenye PWPZ, sasa ni n, kitu, n, e. Nane. Ona kwamba tatu nayo ina umbo hilohilo, bila ile nne ungebaki unabahatisha. W imekuwa A. HFDYD ina herufi tano na ya tatu inafanana na ya tano, mbili hiyo. HBTW inaanza na M inaishia na A, moja. Dakika tatu, chai haijapoa.

Ikabaki RDKW na KDRW. Kitu, i, kitu, a. Nikaandika sita, nikaandika tisa, 681 juu na 942 chini, nikafunga daftari nikaondoka zangu nikiwa najiona Al-Kindi mwenyewe.

Kopo hakuna. Nimeinua mawe, nimepapasa mizizi, nimepishana na watu wenye mbwa wakiniangalia kama nimepoteza pete ya ndoa, saa nzima, hakuna. Nimerudi nimekasirika, tayari kabisa kuandika kwamba kopo limeibwa, ndipo nikaitandaza ile karatasi tena mezani. Na karatasi ikaniumbua. Chini ya kila alama nyingine kulikuwa na ushahidi, P imethibitishwa na maneno mawili, W na manne, D na matatu, lakini R na K hazikutokea popote pengine, zipo kwenye yale maneno mawili tu. Badilisha S na T uone: sita inageuka tisa, tisa inageuka sita, na hakuna kingine chochote kinachoharibika. Fumbo lilikuwa na majibu mawili halali kabisa, 681 na 942, au 981 na 642, mimi nikachagua moja kwa sababu ndiyo niliyoiandika kwanza. Dakika moja ya latitudo (ya ramani, si ya saa) ni mita 1852, na tarakimu tatu zilizofichwa ni sehemu za elfu za dakika, kwa hiyo tofauti ya hizo 300 hapo mwisho ni kama mita 550 kaskazini, na mstari wa pili nao una safari yake. Nilikuwa kwenye bustani tofauti kabisa.

Hii ndiyo hoja yangu yote. Penseli inakuachia alama ya kila ulichokijua na kila ulichokibahatisha, ile herufi uliyoiandika kwa wasiwasi unaiona imekaa kwa wasiwasi. Kwa udadisi niliipa programu fumbo lilelile, ikanitolea vineno vya Kiingereza visivyo na kichwa wala miguu, bila hata aibu, kana kwamba ina uhakika. Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alishalifanyia hesabu hili mwaka 1949, kwa Kiingereza unahitaji herufi kama 30 hivi ndipo fumbo la namna hii libakiwe na jibu moja tu, chini ya hapo majibu yanaweza kuwa mengi. Sisi tulipewa 24.

Na nyie mnaotunga, jamani, kabla ya kuficha kopo kaeni mlitegue fumbo lenu kwa mkono kana kwamba hamjawahi kuliona. Yule bwana angeongeza neno nukta mahali popote, T ingepata shahidi wake na mambo yangeisha, maana ukikosea ingesomeka nuksa, na nuksi mimi nilishaipata ya kutosha. Au aweke sehemu ya kuhakiki jibu kabla mtu hajatoka nyumbani. Wale mnaoondoa nafasi kati ya maneno na kupanga herufi tanotano sina ugomvi nanyi kama maandishi ni marefu, kwenye mstari mmoja ni roho mbaya tu.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata na 981. Lilikuwa chini ya kidaraja cha miguu, limefungwa kwa sumaku, kalamu ya ndani imekauka, nikasaini kwa penseli ileile, na jina lililokuwa juu ya langu lilikuwa na mabano pembeni: "mara ya tatu kuja, S na T shenzi kabisa".