Mipira Sitini Iliyorudi Majini

Kosa nililifanya nimekaa kwenye kiti cha plastiki hapa Lubumbashi, simu mkononi, chai imepoa. Wenzangu watatu, Mama Vitambaa, Daktari na Papa Mukubwa, walinipa kazi moja tu: chagua uwanja wa gofu kisiwani Morisi, tucheze siku moja mwezi wa saba, tugawane gharama. Nikachagua kwa picha.

Picha yenyewe ilipigwa kutoka juu. Nyasi kijani kama sombe, yale majani ya muhogo, iliyotwangwa sasa hivi, mchanga mweupe kama unga wa bukari, na maji ya buluu ambayo huku kwetu tunayaona kwenye kalenda tu. Ulimi wa nyasi hapa, ulimi mwingine kule, katikati bahari. Mtu mwenye akili angejiuliza mpira unavukaje kutoka ulimi huu hadi ule. Mimi nilijiuliza nani atatupiga picha.

Uwanja uko Île aux Cerfs, kisiwa kidogo mbele ya kijiji cha Trou d'Eau Douce, pwani ya mashariki, na unafikiwa kwa boti. Aliyeuchora ni Mjerumani Bernhard Langer, mshindi wa mashindano makubwa ya gofu ya Masters 1985 na 1993, na ulifunguliwa mwaka 2003: mashimo 18, paa 72, yaani mikwaju ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kumaliza nayo. Niseme mapema kwamba uwanja hauna kosa lolote. Katika kesi hii mshtakiwa ni mmoja.

Mama Vitambaa, ambaye anauza vitenge na kupiga mpira umenyooka kama rula, aliniuliza swali moja: "Mwezi wa saba kule, upepo unatoka upande gani?" Nikamjibu kisiwa ni kisiwa, upepo unatoka baharini. Akanyamaza kile kimya cha mfanyabiashara anayeona mteja amechagua kitambaa kitakachochuja.

Jibu sahihi lilikuwepo, tena halina siri. Kuanzia Mei hadi Septemba pepo za kusini-mashariki zinavuma Morisi karibu kila siku, zikikaza zaidi Julai na Agosti, na pwani ya mashariki ndiyo inayozipokea kifuani. Upande wa magharibi, Tamarin na Flic en Flac, milima ya katikati inaukinga, na mvua yake ni chache. Kwa hiyo mwezi wa saba mtu asiye na mkwaju mrefu anaenda magharibi, au anatafuta uwanja wenye njia pana, kama ule wa Bel Ombre kule kusini uliochorwa na Peter Matkovich. Mashariki anaiacha kwa miezi yenye upepo mpole, huku akikumbuka kwamba Januari hadi Machi ni msimu wa vimbunga. Mama Vitambaa alitaka Tamarin, Daktari alitaka Bel Ombre. Nikawaambia kama ni milima na mashamba, tungebaki huku kwetu Kundelungu.

Halafu kulikuwa na ile namba inayoitwa slopu. Kila uwanja uliopimwa unayo, kuanzia 55 hadi 155, na 113 ndiyo ya kawaida. Inaonyesha uwanja unamtesa mchezaji wa kawaida kiasi gani zaidi ya bingwa. Mimi niliona slopu, nikaelewa mteremko. Papa Mukubwa ana goti bovu tangu enzi za mgodini, basi nikamhakikishia: "Papa, namba yao ni kubwa, kuna vilima, lakini magari ya gofu yapo." Papa akanishukuru kwa kumjali.

Sasa tuje kwenye hesabu ya umbali, maana hapo ndipo tulipozama hasa.

Hapa Lubumbashi, mwezi wa saba, mkwaju wangu mkubwa unafika mita 210. Ndiyo namba niliyokuwa nikiitaja mbele za watu. Lakini mita 35 kati ya hizo ni za kubingirika: kiangazi udongo mwekundu umekauka kama tofali, mpira ukigusa chini unakimbia kama umeitwa. Hewani ni 175 tu. Tena tuko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira unapata karibu asilimia tano ya bure. Ukishuka hadi baharini, ile tano inarudishwa: 175 inakuwa kama 167. Weka upepo wa kilomita 25 kwa saa usoni, ambao peke yake unakula kama asilimia 15, unabaki na mita 142. Na juu ya maji hakuna kubingirika. Kwa hiyo mtu wa 210 alipanda ndege, akashuka mtu wa 142, na hakuna aliyemjulisha.

Kuhusu mipira nilijiona mjanja. Kijana anayenibebea mfuko, ambaye kwetu tunamwita kadi, ana biashara ya pembeni: anaingia kwenye bwawa na kuokoa mipira. Aliniuzia 58 kwa dola 20, imeoshwa kwa javeli mpaka inang'aa.

"Mukubwa, kule maji iko?" aliniuliza.

"Kidogo tu."

Akaniongezea miwili ya bure, ikawa sitini. Nadhani hakuniamini.

Mpira wa bwawa unang'aa nje lakini ndani umechoka. Gamba lake halizuii maji moja kwa moja; ukikaa chini miezi, maji yanapenya polepole, kiini kinapoteza ukali, na mkwaju uleule unautuma karibu zaidi. Dalili huzioni kwa macho. Unasikia tu mlio umekuwa mzito, kama kugonga papai.

Mipira 60 ina uzito pia. Kanuni inasema mmoja usizidi gramu 45.93, kwa hiyo sitini ni karibu kilo mbili na robo tatu. Kwenye mizani ya uwanja wa ndege wa Luano mfuko wangu ukapita kikomo kwa kilo mbili na nusu. Fimbo huruhusiwi kuingia nazo ndani ya ndege, kwa hiyo kitu kingine kilipaswa kutoka. Nikatoa makoti manne ya mvua. Wenzangu walitazama nikiyakabidhi kwa shemeji aliyetusindikiza, hakuna aliyesema neno. Nikaiita demokrasia.

Asubuhi ya mchezo boti ilituvusha huku mnazi wa ng'ambo umepinda kama mtu anayesikiliza mlangoni. Dukani wakatuuliza kwa adabu kama tuna mipira ya kutosha. Nikainua mfuko wa sandarusi. Yule bwana akachungulia ndani, akachukua mmoja, akaugeuza, akaurudisha, akafunga mdomo wa mfuko taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayefunika sahani ya mgonjwa.

Akatushauri tuanzie vijiti vya mbele, zile alama za kuanzia zilizo karibu zaidi na shimo. Tulikataa. Watu wametoka Katanga, wamepanda ndege, wamepanda boti, waanzie mbele? Kumbe kuna kipimo rahisi: chukua umbali unaopiga kwa fimbo ya chuma namba 5, zidisha mara 36, hapo unapata urefu wa uwanja unaokufaa. Changu pale baharini kilikuwa mita 130. Mara 36 ni 4,680. Vijiti vyeupe tulivyovichagua vilizidi hapo kwa mbali.

Shimo la kwanza kuwa na maji mbele, Daktari akatoa kile kidubwana chake cha kupimia: mita 155 mpaka ukingo wa pili. Nikatabasamu. Mtu wa 210! Mpira ukapaa vizuri, ukafika juu, upepo ukaushika kifuani, ukasimama. Nasema ukasimama. Kisha ukashuka wima, kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.

Tukapiga tena palepale. Na tena. Kanuni inakuruhusu kurudia ulipopigia, lakini hiyo ni njia ya kumaliza akiba. Palipo na vigingi vyekundu unaweza kutazama mahali mpira ulipovukia mpaka wa eneo la maji, ukaangusha mwingine ndani ya urefu wa fimbo mbili, usisogee karibu na shimo, ukalipa mkwaju mmoja na kuendelea na maisha. Vigingi vya manjano havina ruhusa hiyo ya pembeni. Mama Vitambaa ndiye aliyevisoma vigingi, tukiwa shimo la nne. Sisi wanaume tulidhani ni mapambo.

Na kama mpira ulivuka maji, nyasi zikaukamata. Kule zinamwagiliwa, nene kama zulia. Ile mita 35 ya kukimbia ikawa mita tatu.

Kwenye shimo la sita Daktari alichomoa mpira mfukoni, akaukazia macho, akavaa miwani. Vidoti vitatu vyekundu, pembetatu. "Huu ni wangu," akasema. "Niliupoteza mwezi wa tatu." Kadi alikuwa ameuokoa bwawani na kuniuzia, nami nimeubeba nchi tatu kumrudishia mwenyewe. Alifurahi kwa dhati. Aliufuta kwa shati, akauweka juu ya kijiti, akaupiga. Hatukuusikia hata ukitumbukia, upepo ulikuwa na kelele.

Mvua ikaja saa nne, ya dakika kumi, ya ubavuni. Hakuna aliyetaja makoti, na hilo liliniumiza kuliko kama wangeyataja.

Hesabu ilikwenda hivi: baada ya shimo la sita, ilibaki mipira 31. Baada ya la tisa, 14. Kwenye la kumi na moja Mama Vitambaa alichukua mitano akaificha kwenye mkoba wake wa vitenge, akasema ni ya watoto. Tulipofika la kumi na nne nilitia mkono kwenye mfuko wa sandarusi nikatoa kijiti kimoja na mchanga.

Ajabu ya maji yale ni usafi wake. Kwetu mpira ukizama umekufa, tope limeufunika, unaomba msamaha unaondoka. Pale tuliona kila kitu. Chini ya ukingo, kwenye maji yasiyofika kiunoni, mipira minane ilikaa juu ya mchanga kama mayai ya kuku aliyetaga ovyo. Nilitambua mitatu. Mmoja ulikuwa umeelekea juu, namba yake inasomeka.

Wakati huo wote Papa Mukubwa alikuwa nyuma yetu na mpira mmoja, wa manjano, aliokuja nao mfukoni. Alianzia vijiti vya mbele tangu asubuhi, bila kumwomba mtu ruhusa. Hakutoa fimbo nyingine ila chuma namba 7 na ile ya kusukumia. Palipo na maji alizunguka. Palipo na mchanga alizunguka. Alipiga mita 90, akapumzika kwenye gari, akapiga mita 90 nyingine. Shimo la paa 4 alilimaliza kwa 6 au 7, bila kuinua sauti.

Tulimwomba atuazime ule mpira tupokezane. Akautazama, akatutazama.

"Huu una mwenyewe," akasema. "Lakini goti limeanza. Nani atanibebea mfuko?"

Ndivyo tulivyomaliza mashimo matano ya mwisho: Daktari na mfuko, Mama Vitambaa na bendera, mimi mwavuli, uliogeuka nje ndani mara mbili. Papa alinielekeza nisimame upande ambao kivuli changu hakipiti kwenye njia ya mpira. Alimaliza na mikwaju 109 na mpira wa manjano. Botini akatugawia rupia za soda, kila mmoja sawa, kama inavyofanywa kwa makadi.

Jumatatu nilimkuta kadi pale pale kwenye uzio, anaosha mipira kwenye beseni. Sikutaka kueleza, lakini alikuwa ameshamwona Daktari.

"Mukubwa, yote sitini?"

"Hamsini na tano. Mama Vitambaa anayo mitano."

"Na mliiona kule chini?"

"Tuliiona."

"Maji inafika wapi?"

Nikaonyesha goti. Kisha, kwa haki, nikapandisha mkono kiunoni. Akaacha kuosha.

"Mamba iko?"

"Hakuna."

"Na kwetu hapa wanaingia watu wangapi kwa siku?" Hakuningoja nijibu. Alijikausha mikono kwenye suruali, akatoa simu, akafungua sehemu ya kupigia hesabu. "Mukubwa, tike ya kwenda na kurudi ni dola ngapi?"