Picha iko vizuri, na mtu je?

Wiki iliyopita nilimsindikiza kliniki kaka yangu, aliyepasuliwa uvimbe wa ubongo. Daktari alifungua picha ya MRI, akailinganisha na ya miezi mitatu nyuma, akatugeukia kwa tabasamu: "Picha iko vizuri." Wifi yangu akafumbua mdomo, lakini faili lilikuwa limeshafungwa na mgonjwa mwingine ameshaitwa. Alitaka kusema kwamba tangu mwezi uanze, mumewe anapaliwa kila akinywa maji.

Siku nane sasa hasira haijanitoka.

Sina ugomvi na waliompasua. Waliutoa uvimbe karibu wote na ninawashukuru hadi leo. Mionzi nayo ilikwenda kama ilivyopangwa, siku tano kwa wiki kwa wiki sita, mtu akikupigia simu ukichelewa. Katika kuushughulikia uvimbe kila mmoja alijua zamu yake. Hakukuwa na mwenye zamu ya kaka.

Uvimbe wake ulikuwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alirudi nyumbani anatembea, anaongea, anakumbuka majina ya watu wote, na wageni wakatuambia tushukuru, amepona. Asubuhi ya kwanza wifi alimwekea shati kitandani akaenda kuwaandaa watoto. Aliporudi nusu saa baadaye, kaka alikuwa amekaa palepale, shati mapajani, anatazama mlango.

"Baba, mbona hujavaa?"

"Navaa."

Hakuvaa. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na keshokutwa. Wiki ya tatu wifi alinipigia akilia, akisema mumewe amegeuka mvivu, au labda hamtaki tena na hajui namna ya kumwambia. Nami nikamjibu ampe muda tu. Jibu lile linaniuma mpaka leo, maana muda haukuwa dawa ya kitu chochote pale.

Ugomvi wa shati ulidumu miezi mitano. Ulikwisha kwa bahati tu. Kaka alilazwa siku mbili kwa sababu ya degedege, na kitanda cha jirani kilikuwa na mzee aliyepata kiharusi. Mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli za kila siku kama kuvaa na kula, akaja kumwona yule mzee. Akiwa kazini alimtupia kaka jicho, akamwona ameshika kandambili mkononi bila kuivaa. Alipomaliza akamsogelea wifi, akamuuliza maswali mawili matatu kuhusu asubuhi za nyumbani. Kisha akamweleza: mumeo anataka kuvaa, na anajua kuvaa. Kilichoumia ni ile sehemu ya ubongo inayoanzisha tendo.

"Mama, usimwambie 'vaa'. Ndani ya neno hilo kuna kazi kumi. Mwambie 'shika ukosi'."

Akachukua karatasi, akaandika hatua nne kwa herufi kubwa, akamwambia aibandike ukutani mbele ya kitanda. Hakukaa nao hata robo saa. Wiki ile kaka alivaa mwenyewe siku nne. Siku nyingine alishindwa, lakini haikuzua vita, kwa sababu sasa wifi alijua anachokiona. Ndoa ya miaka kumi na minne ilikuwa inabomoka kwa kukosa maelezo ya robo saa, na aliyeyatoa hakuwa hata ametumwa kwetu!

Hapo ndipo ninapotaka nisikilizwe. Kaka na yule mzee walilala vitanda viwili vinavyopakana. Wote ubongo wao umeumia. Yule mzee, kwa sababu faili lake limeandikwa kiharusi, alikuwa na mtu wa fiziotherapia, mtu wa tiba kazi na mtu wa usemi, na ratiba ya wote watatu imetundikwa miguuni pa kitanda. Faili la kaka liliandikwa uvimbe. Tulipoomba naye aonwe, kitengo cha utengamao, kinachowasaidia wagonjwa kurudisha uwezo wao, kilituambia kinapokea kiharusi na majeraha ya ajali, tuwaone watu wa saratani. Watu wa saratani wakasema wao hawana wataalamu hao. Mkono uliolegea haujui kama umelegezwa na damu iliyoganda au na uvimbe, na maneno yanayogoma kutoka yanagoma vilevile.

Wala msiniambie hakuna ushahidi. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti uliowalinganisha wagonjwa wa uvimbe wa ubongo na wa kiharusi waliolazwa kwa ajili ya utengamao. Walipiga hatua zinazolingana, na wale wa uvimbe walikaa wodini siku chache kuliko wale wa kiharusi. Imepita zaidi ya miaka 25.

Kuna hoja nyingine, ambayo husemwa kwa sauti ya chini koridoni: ugonjwa wenyewe utarudi, ya nini kumsumbua mgonjwa na mazoezi. Haya, tuizungumze. Katika jaribio kubwa la mwaka 2005, lililofanya dawa ya saratani iitwayo temozolomide kuwa tiba ya kawaida ya glioblastoma, saratani kali ya ubongo, nusu ya waliopewa mionzi pamoja na dawa hiyo walikuwa wamefariki kufikia takriban miezi 15. Miezi mitano tuliyoipoteza sisi kwa ugomvi wa shati ni theluthi ya muda huo. Mtu aliyebakiwa na miezi 15 ndiye hasa asiyeweza kuwekwa kwenye foleni. Anataka kuongea na wanawe wakati maneno bado yapo, aende msalani bila kubebwa, avae shati lake. Na si wote wenye uvimbe walio katika hali hiyo: wenye meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo ambao mara nyingi si saratani, huishi miaka na miaka na uchovu, kusahau na kazi walizoshindwa kuzirudia, na nao huambiwa picha iko vizuri.

Nakubali wataalamu hawa ni wachache. Nakubali pia kwamba kuna wiki za mionzi ambazo mgonjwa hana nguvu ya kuinua hata kijiko, achilia mbali mazoezi. Lakini hata wiki hizo mtu angeweza kuja kututazama. Kaka aliposhindwa kuinuka kwenye kiti, tulilia tukidhani uvimbe umerudi. Kumbe ni deksamethasoni, dawa ya kutuliza kuvimba kwa ubongo, ambayo ikitumika muda mrefu hudhoofisha misuli ya mapaja. Kiti kirefu kidogo na mazoezi ya kusimama na kukaa vingetuokoa usiku ule.

Ninachodai ni kwamba karatasi inayotaja tarehe ya upasuaji itaje pia nani atamwona mgonjwa kwa viungo, nani kwa shughuli za nyumbani, nani kwa usemi na kumeza, nani kwa akili na hisia zake, na ofisa ustawi wa jamii atakayekaa na familia. Na kila picha mpya inapofunguliwa, waulizwe upya, kwa sababu uvimbe wa ubongo haumwachi mtu palepale. Mwezi wa pili shida ni shati, mwezi wa kumi na tatu ni maji.

Maana kupaliwa huku si jambo la kuambiwa "mnyweshe polepole" na kurudishwa nyumbani. Maji yakiingia kwenye mapafu huleta nimonia.

Kliniki ijayo ni baada ya wiki mbili, lakini wifi amekataa kusubiri. Jana alikaa mezani na daftari la shule la mwanawe akaandika siku zote kaka alizopaliwa, saa, na alichokuwa anakunywa. Zimejaa kurasa mbili. Kesho asubuhi tunalipeleka, na chini kabisa ameandika swali moja na kulipigia mstari mara mbili: "Anayeshughulika na kumeza ni nani, na yuko chumba namba ngapi?"