Jini Langu la Kufuga

Usiku wa nne tangu mama mkwe wangu afike kwetu Coventry, Uingereza, kutoka Pemba, aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia bei ya mali ya wizi: "Baba Salma, hili lako ni la mali au la kulinda nyumba?"

Ngojeni kwanza niwarudishe nyuma kidogo.

Nina tangi la maji chumvi sebuleni, lita 180. Lilikaa miaka mitatu bila kunitia aibu, mpaka siku nilipoingia duka la samaki nikaona tumbawe la rangi ya chungwa lililoiva, vichwa vimesongamana kama maandazi kwenye sinia. Muuzaji akasema linaitwa tumbawe la jua, pauni 60, lakini... Nikalipa. Hiyo "lakini" sikuisubiri.

Jina lenyewe ni uongo mtupu. Matumbawe mengi yana vijimwani vidogo mno vinavyoishi ndani ya nyama yake. Jua likiwaka vijimwani vinapika, tumbawe linakula. Hili halina mpishi. Baharini hukaa mapangoni na chini ya majabali, kwenye kivuli, likingoja mkondo ulipitishie vijidudu. Mchana limejikunja kama ngumi. Likishaingia giza ndipo linatoa mikono. Na kila kichwa kina mdomo wake: nilihesabu midomo 34, na ukiuruka mmoja siku nyingi, mwenye nao anakonda mpaka nyama inaachana na mfupa. Mimi, baba wa mtoto mmoja, nikawa yaya wa watoto 34 wasiosema.

Chakula chao ni uduvi. Si huu wetu wa kuunga kwa nazi, ni uduvi uliogandishwa vibonge vibonge, unauzwa ghali kuliko nyama ya mbuzi. Nauyeyusha kikombeni, natangulia kumimina mchuzi wake kidogo tangini ili wapate harufu, nangoja kama dakika ishirini. Mikono ikianza kuchomoza, naingiza sirinji yenye mrija mrefu na kulisha mdomo mmoja mmoja. Kazi ingeishia hapo kama si kamba wangu, bwana mmoja mwenye mstari mweupe mgongoni baina ya miwili myekundu. Duka zima linamsifu kwamba anasafisha samaki. Kwangu anasafisha matumbo ya wenzake. Anangoja tumbawe limeze nusu, anapanda juu, anatia mkono kooni, anachomoa. Nimemwona kwa macho yangu. Ikabidi nikate chupa ya soda ya lita mbili, niwafunikie kama kawa, mrija nipitishe shingoni mwa chupa. Kamba akawa anazunguka nje kama mtu aliyesikia harufu ya pilau asiione njia ya kuingilia.

Sasa vuteni picha. Saa saba usiku. Taa zote zimezimwa. Mwanamume mzima, kifua wazi, msuli kiunoni, amepiga magoti mbele ya tangi. Kando yake tochi imezungushiwa karatasi nyekundu ya peremende, maana ukiwamulika kwa mwanga mweupe wanajifunga. Mkononi ana kikombe kinachonuka shombo. Na ananong'ona: "Fungua mdomo, baba. Kula. Na wewe wa pembeni, unaringa nini?"

Mengine yote nina hoja nayo. Hilo la kunong'ona sina utetezi.

Nyuma yangu nikasikia, "Audhu billahi!" Mkwe alikuwa ameamka kutawadha. Mkwe, na mimi kifua wazi! Nikanyakua kitambaa cha kochi, chekundu nacho, nikajitanda mabegani. Nikifikiri sasa, kile kitambaa ndicho kilichonimaliza.

"Ni mnyama tu, mama."

"Mnyama yuko wapi? Mimi naona jiwe."

"Hilo jiwe ndilo mnyama. Linakula."

"Jiwe linakula."

"Usiku."

"Usiku." Alikuwa akiyarudia maneno yangu taratibu kama karani wa mahakama. "Na usipolilisha?"

"Litadhoofika, halafu..."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Ndivyo wanavyoanza wote."

Mtu aliyekulia Pemba hana haja ya kufundishwa habari za majini ya kufuga. Hulishwa usiku, kwa saa yake, hayapendi mwanga, na ukiyachelewesha utakiona. Nilijipima nikakuta sikukosa sifa hata moja. Asubuhi yake akampigia simu dada yake Wete. Adhuhuri nikapata ujumbe kutoka kwa binamu wa mke wangu aliyeko Dubai, ambaye hajanisalimu tangu Idi ya mwaka juzi, akiniomba nimkopeshe kidogo "kwa vile mambo yamekufungukia".

Lakini mkwe, jini au si jini, hawezi kuona chombo kichafu. Nilipokuwa kazini alikusanya kila kilichonuka: kikombe, sirinji, mpaka kile kikopo cha mashine ya povu. Niwaeleze mashine hiyo. Kulisha midomo 34 kunachafua maji, kwa hiyo ndani ya kabati chini ya tangi kuna mashine inayopuliza mapovu madogo madogo. Uchafu unayang'ang'ania, unapanda nayo, unamwagikia kikoponi, mweusi kama chai iliyolala. Mkwe akakisugua na kukiroweka kwenye beseni la sabuni ya vyombo. Nimerudi nimechoka, nimekikuta kinameremeta, nikakikung'uta mara mbili nikakirudisha. Wala sikukisuuza. Na mashine ile ukiionjesha sabuni hata kidogo, inapandwa.

Saa nane usiku nikaamshwa na sauti ya koo linalosukutuliwa. Povu jeupe lilikuwa limesukuma mlango wa kabati, limepita chini ya meza, linatambaa juu ya zulia polepole, moja kwa moja kuelekea chumba cha mgeni. Mgeni mwenyewe yuko mlangoni, juu ya stuli, tasbihi mkononi, anasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mke wangu ameshika deki, amekaa chini, hawezi kusimama kwa kicheko.

Nikachomoa plagi. Giza. Katika kupapasa nikagonga kikombe cha uduvi nilichokuwa nimekiyeyusha kisha nikapitiwa na usingizi, kikamwagika chote tangini. Nikatoa ndoo nne za maji, nikatia mapya niliyokuwa nimeyaandaa, tukaanza kukausha zulia kwa mataulo, mimi na mke wangu, mkwe akisimamia kutoka juu ya stuli.

Ikapita kama nusu saa. Nikawasha ile tochi nyekundu nione kama kuna aliyesalimika.

Midomo yote 34 ilikuwa wazi. Hata ile ya nyuma iliyonigomea wiki sita ilikuwa imetanua mikono, mirefu, laini, kila mmoja umeshika uduvi wake.

Mkwe akashuka. Akasogea mpaka miwani ikagusa kioo. "Subhana Allah," akasema, akanyamaza kitambo. Kamba naye akajitokeza, akapanda juu ya tumbawe, akanyoosha mkono.

"Na huyu?"

"Huyo mwizi, mama."

Akagonga kioo kwa kidole. "Wee! Mwachie mwenzio!" Kisha akanigeukia. "Baba Salma, mimi nimesikia mengi. Jini la kufuga huleta mali. Hili lako mbona linakula tu?"

"Ndiyo nasema si jini, mama."

"Ulilipata kwa ngapi?"

Usingizi, uchovu, furaha ya kuona wanangu wamekula, ulimi ukaniteleza. "Pauni sitini."

Mke wangu, ambaye nilimwambia kumi na tano, akaacha kupiga deki.