Dinosaria Waondoka, Encanto Yaja: Mashabiki Wanagombania Nini?

Mchezo wa kupanda magari uitwao Dinosaur ulifungwa mwanzoni mwa Februari 2026, na pamoja nao ikafika mwisho DinoLand U.S.A., eneo lililokuwepo tangu bustani ya burudani ya Disney's Animal Kingdom ilipofungua milango yake Florida, Aprili 22, 1998. Mahali pake panajengwa Tropical Americas, inayotarajiwa kufunguliwa 2027. Ndani yake kutakuwa na kijiji kiitwacho Pueblo Esperanza, nyumba ya akina Madrigal, familia ya Kolombia katika filamu ya Encanto, na mchezo wa Indiana Jones, yule mwanaakiolojia wa filamu mwenye kofia. Tangu mipango hiyo ielezwe kwa kina Agosti 2024, mashabiki wa bustani za Disney hawajaacha kurushiana maneno. Nairobi pia wapo. Wengi wao hawajakanyaga Florida, lakini wanaujua mchezo ule kona kwa kona kupitia video za watu waliopanda na simu mkononi, na ukiketi nao watakueleza ni upande gani Carnotaurus, dinosaria mla nyama, anachomoza gizani.

Hoja nyepesi kabisa ya wanaopinga ndiyo inayopigiwa kelele zaidi: kwamba hapo ndipo walipokulia. Wana haki ya kusikitika, ila huzuni hiyo haituambii kama eneo lenyewe lilikuwa zuri. Hoja yao nzito ni nyingine, na huwa inasemwa kwa sauti ya chini. Bustani hii, chini ya msanifu wake mkuu Joe Rohde, iliahidi wanyama wa aina tatu: walio hai, waliotoweka, na wale wa kubuni. Ndiyo maana nembo yake ya mwanzo ilikuwa na joka. Eneo la wanyama wa kubuni lililopangwa halikujengwa kamwe. Sasa na waliotoweka wanaondolewa, na kilichobaki ni bustani ya wanyama yenye filamu pembeni.

Hoja hiyo inanigusa, na nadhani inamgusa Mkenya kuliko inavyomgusa mtu wa Orlando. Kutoweka kwetu kuna sura na jina. Sudan, kifaru mweupe wa kaskazini wa mwisho wa kiume, alifia Ol Pejeta Machi 2018, akawaacha Najin na Fatu, majike wawili, chini ya ulinzi wa saa 24. Kelele na kurushwarushwa kote kwa Dinosaur kulikuwa na habari moja ndani yake: kimondo kinakuja, na viumbe hawa hawatarudi. Ulipofunguliwa, mchezo wenyewe uliitwa Countdown to Extinction. Jina likabadilishwa mwaka 2000 ili ulingane na filamu ya Disney ya dinosaria iliyotoka mwaka huohuo. Hapo wapinzani wanajikwaa kidogo, maana mchezo wanaoulilia kwamba unamezwa na filamu ulishamezwa na filamu miaka 26 iliyopita, na wengi wao wakaupenda hivyohivyo.

Wanaounga mkono mabadiliko wana silaha yao, nayo inaitwa Dino-Rama. DinoLand ilikuwa na nusu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya heshima: Dinosaur yenyewe, uwanja wa watoto kuchimba mifupa, na nakala ya mifupa ya Sue, Tyrannosaurus ambaye mifupa yake halisi iko Field Museum, Chicago. Nusu ya pili, Chester & Hester's Dino-Rama, iliongezwa miaka ya 2001 na 2002, ikafanana kwa makusudi na yale maonyesho ya bei rahisi yaliyokuwa kando ya barabara kuu za Marekani. Lami yenye mistari ya maegesho. Vibanda vya kurusha mipira. TriceraTop Spin ya kuzungusha watoto hewani, na Primeval Whirl, iliyofungwa 2020 isifunguliwe tena.

Wabunifu walikuwa na maelezo yao: Chester na Hester ni wenye kituo cha petroli ambao, baada ya mifupa kugunduliwa jirani, waliona fursa ya kujipatia hela kwa watalii. Ukiisoma hadithi hiyo, unacheka. Ukiwa umesimama juani juu ya lami ileile, tiketi imekugharimu zaidi ya dola 100 na mtoto analia, unachoona ni lami. Nimewasikia mashabiki wa Nairobi wakiitetea Dino-Rama kwamba ilikuwa kejeli ya hali ya juu. Siwaamini sana. Hata wao, kwenye video, wanaisukuma mbele wafike kwa Carnotaurus.

Shabiki wa nganya, yale matatu yaliyopambwa, atauelewa ugomvi huu upesi. Gari la Rongai linaingia gereji likiwa na picha za rapa fulani, linatoka na za mchezaji wa mpira, na wapo watakaoapa hawatalipanda tena, kisha jioni unawakuta wananing'inia mlangoni. Ila wanaojua magari huuliza swali tofauti: bodi ni ileile? Kwa Indiana Jones, jibu ni ndiyo, karibu kabisa. Magari ya Dinosaur, yale yanayotikisika na kuyumba kana kwamba njia ni ya mawe, ni teknolojia ileile ya Indiana Jones Adventure iliyofunguliwa Disneyland, California, mwaka 1995, na hata njia zake zinafanana. Kwa hiyo anayesema mchezo unabomolewa anatia chumvi. Anayesema ni kitu kipya pia anatia chumvi, maana California wanao, na Tokyo wana wao tangu 2001, ingawa Disney inasema hadithi ya Florida itakuwa tofauti.

Hadithi hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Indiana Jones amesikia habari za hekalu la Wamaya na kiumbe wa ajabu ndani yake, naye anakwenda kutafuta. Mashabiki wengi wanabishana kama kiumbe huyo anatosha kuufanya mchezo uwe wa "wanyama". Mimi ninamtazama mwenye kofia. Huku tunakumbuka vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vilivyong'olewa Pwani, vikauzwa, vikaishia katika makumbusho ya Marekani, na kurudishwa kwake kumekuwa kwa kusuasua. Mgeni anayeingia hekaluni kwa watu kutafuta cha ajabu hatuchekeshi sana.

Linganisha na Harambe, mji wa kubuni wa Afrika Mashariki ulio upande wa pili wa bustani hiyohiyo. Mashabiki huutaja kama kielelezo: kama Tropical Americas itafanywa kwa uangalifu ule, wanasema, hatuna neno. Ni kweli kazi ile ni ya kushangaza. Kuta zimechubuliwa zionekane zimeliwa na chumvi ya bahari kama za Lamu, mabango yamebandikwa juu ya mabango, na kuna baa iitwayo Dawa, jina ambalo mnywaji yeyote wa Nairobi atalitambua. Kutoka pwani hiyo hadi mbugani ni hatua chache tu, jambo ambalo abiria wa basi la Lamu angelifurahia. Lakini angalau katika Harambe mwenyeji ndiye mwenye mji, na mgeni ni mgeni.

Tena Harambe yenyewe ilibadilishwa, na hili wapinzani hulisahau. Kilimanjaro Safaris, safari yake ya lori ya kutazama wanyama hai, ilianza na mchezo wa kuigiza: majangili wamemvamia tembo na mtoto wake, na lori la watalii linatimua vumbi kwenda kuokoa. Hadithi hiyo ikapunguzwa, mwishowe ikaondolewa. Leo dereva anaendesha na kukuonyesha wanyama. Safari ikawa bora, kwa maoni yangu, maana twiga anayekatiza mbele ya lori hahitaji jangili wa kuigiza wa kumnogesha.

Kipimo hicho ndicho ningekitumia Pueblo Esperanza. Mchezo wa Encanto umejengwa juu ya Antonio, mtoto wa familia ya Madrigal anayezungumza na wanyama, ambaye chumba chake kinageuka msitu. Hapo bustani na filamu zinashikana mikono vizuri kuliko nilivyotarajia. Na kuna hoja ya haki pia: katika mabanda 11 ya nchi kule Epcot, bustani nyingine ya Disney Florida, Mexico ndiyo pekee ya Amerika ya Kilatini, tangu 1982. Kolombia kupata nyumba si jambo dogo, hata kama itabidi ikae uwanja mmoja na hekalu la Wamaya, majirani ambao kwenye ramani hawapakani.

Kuhusu biashara sina mengi. Universal, mshindani wa Disney, ilifungua bustani ya Epic Universe hukohuko Orlando Mei 2025, na Disney ilishatangaza mwaka 2023 kwamba itatumia dola bilioni 60 kwa miaka 10 katika bustani na meli zake. Eneo lenye lami na mchezo mmoja wa maana halikuwa na wa kulitetea. Pandora, eneo la filamu ya Avatar katika Animal Kingdom, nayo ilipingwa ilipotangazwa 2011, na tangu ifunguliwe 2017 laini zake ni miongoni mwa ndefu kabisa katika bustani hiyo. Hilo halithibitishi kwamba wakosoaji walikosea. Watu hupanga foleni hata kwa kitu kisichofaa mahali pake. Ila linaonyesha kwa nini kampuni haisikilizi sana.

Jambo moja limenichekesha katika michoro ya kijiji kipya. Kutakuwa na bembea la kuzunguka lenye wanyama waliochongwa kwa mbao. TriceraTop Spin, iliyodharauliwa miaka yote hiyo kwa kuwa ni kitu cha kuzunguka tu, imefungwa Januari 2025 ili kupisha kitu kingine cha kuzunguka. Mtoto wa miaka minne atapanda vyote viwili kwa furaha ileile, huku wazazi wake wakiwa pembeni wanabishana.