Uwazi wa Sayansi Haumo Moyoni mwa Mwanasayansi

Barazani hapa Malindi nimewasikia vijana wa vyuo wakisema kwamba sayansi nayo ni imani kama imani nyingine, na kwamba aliyeihitimu ameingizwa tu katika madhehebu. Hoja hiyo ina wazee wake. Michael Polanyi, mwanakemia aliyegeuka mwanafalsafa, aliwatazama Wazande, watu wa Afrika ya Kati walioelezwa na mwanaanthropolojia Evans-Pritchard mwaka 1937, ambao walimlisha kuku sumu ili wapate jibu la ramli, na jibu likienda kombo walisema sumu imeharibika au imerogwa. Akaona kwamba wanasayansi nao, jaribio likiwakataa, hukilaumu kifaa kabla ya kuilaumu nadharia. Mwaka 1962 Thomas Kuhn, mwanahistoria wa sayansi, akaongeza kwamba mtafiti hulelewa ndani ya paradaimu moja, yaani mkabala mmoja unaokubaliwa na wenzake, na kuuliza yale tu ambayo paradaimu hiyo humfunza kuuliza. Mwanasayansi Mjerumani Alfred Wegener alisema mwaka 1912 kwamba mabara husogea, akafariki mwaka 1930, na wanajiolojia wengi hawakumkubali hadi miaka ya 1960.

Hayo ni kweli, lakini yanathibitisha ukaidi wa watu, wala si kwamba mfumo wenyewe umefungwa usipokee ushahidi wa kuupinga. Mwanafalsafa Karl Popper alitaka nadharia ieleze ni ushahidi gani ungeiangusha. Mwanasosholojia Robert Merton, mwaka 1942, aliitaja miongoni mwa desturi za sayansi ile ya kutilia shaka kwa utaratibu. Desturi hiyo haimtegemei mtu mmoja awe mnyenyekevu. Inatosha kwamba kazi yake iko mezani, mbele ya hasimu anayeruhusiwa kuipasua.

Mfano ninaourudia kila mara umetoka baharini kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia la kurushia roketi, lile lililosimama kwa miguu ya chuma majini mbele ya Ngomeni, ikabeba setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksrei za angani. Ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vilionyesha kwamba eksrei za Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksrei angani, hubadilika upesi mno, kwa hiyo chanzo chake lazima kiwe kidogo sana, na wengi wakashuku kuwa ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Mwaka 1974 mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwanafizikia mwenzake Kip Thorne, akishikilia kwamba si shimo jeusi, ingawa sehemu kubwa ya kazi yake ilisimama juu ya kuwapo kwa mashimo hayo. Ushahidi ukarundikana mwaka baada ya mwaka, hata mwaka 1990 Hawking akatia alama ya kidole gumba kwenye karatasi ya dau, kukiri kwamba ameshindwa. Aliye ndani ya imani iliyofungwa haandiki mapema masharti ya kushindwa kwake, tena karatasi akamwachia mpinzani.

Hata hivyo liko pingamizi moja nisiloweza kulipuuza, nalo ni kuuliza mfumo huu uko wazi kwa nani. Matokeo ya Uhuru yalichapishwa, vyanzo 339 vya eksrei vikaorodheshwa, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo akapata Nobel mwaka 2002; lakini uchambuzi ulifanyiwa Marekani. Ngomeni ilitoa bahari. Roketi ya mwisho ilirushwa pale mwaka 1988, na kijana anayeniambia barazani kwamba sayansi ni imani tu huenda hajawahi kuonyeshwa hata kipimo kimoja cha Uhuru, sembuse kupewa nafasi ya kukipinga.