Muziki wa mara moja unahitaji rekodi

Rafiki yangu mmoja, mpenzi wa jazi kama mimi, anashikilia kwamba muziki unaobuniwa papo hapo haufai kurekodiwa. Umepigwa, umesikika, umekwisha. Anayeutaka aende ukumbini. Tumebishana hivyo miaka mingi, na kila lebo ndogo ya Italia, yaani kampuni ya kutoa rekodi, inapotoa albamu mpya ndipo ninapozidi kuamini kwamba amekosea.

Juzi usiku nilikuwa na albamu mojawapo masikioni: saksafoni na ngoma, watu wawili basi. Kwenye dakika ya tisa hivi mpiga ngoma ananyamaza. Unasikia pumzi ya mwenzake ikipita ndani ya saksafoni bila kuwa sauti, vidole vikigonga vifuniko, kiti kikilia. Halafu brashi inagusa tuazi, kidogo sana, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Sehemu ile niliirudia mara nne. Ukumbini ningeipata mara moja, tena huenda jirani yangu angekuwa anakohoa wakati huohuo.

Kwa kazi ya namna hii namshukuru kwanza Stefano Giust, mpiga ngoma aliyeanzisha lebo ya Setola di Maiale mwaka 1993. Jina hilo maana yake singa za nguruwe, na muziki wenyewe kweli unakwaruza. Haikuanzishwa kusaka faida. Imeshatoa mamia ya albamu, nyingine zikiwa CD zilizochomwa kwa idadi ndogo tu. Wapo wanaolalamika kwamba ni nyingi mno, na sikatai, zipo ambazo mimi ningezipunguza nusu nzima. Lakini nani angefanya mchujo huo, na kwa kipimo gani? Wanamuziki wanapokutana usiku mmoja bila karatasi ya noti mbele yao, hakuna ajuaye kama watu watautafuta usiku ule miaka ishirini baadaye. Ukichuja kwa ukali, wa kwanza kuachwa nje ni wasio na jina.

Wataliano hawakuanza leo. Mwaka 1975 Giacomo Pellicciotti alianzisha lebo ya Black Saint mjini Milano. Giovanni Bonandrini akaichukua miaka miwili baadaye, na mwaka 1979 akaongeza lebo dada, Soul Note. David Murray, Henry Threadgill na Muhal Richard Abrams, Wamarekani weusi ambao kampuni kubwa za kwao hazikuwa na hamu ya kuwarekodi, walitoa albamu moja baada ya nyingine kupitia Milano. Na Desemba 1979, Max Roach alipokaa kwenye ngoma na Cecil Taylor kwenye piano katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ni Soul Note iliyokuja kuitoa rekodi ya jioni ile. Mimi sikuwepo Columbia. Rafiki yangu naye hakuwepo, lakini anaijua karibu kila pigo.

Kusini mwa nchi, katika mji wa pwani wa Bisceglie, Marco Valente alianzisha lebo ya Auand mwaka 2001, akafungua na albamu X-Ray ya mpiga tromboni Gianluca Petrella. Muziki wa Auand umenyooka zaidi. Asiyezoea makelele aanzie huko.

Ninachoomba ni tununue. Machi 2020 kumbi zote za Italia zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, na tarehe 20 mwezi huohuo Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, iliacha kwa siku moja kukata fungu lake, fedha zikaenda kwa wanamuziki na lebo zao. Nilinunua albamu tatu siku ile. Sikuwa na fedha nyingi, lakini nilijua zinafika kwa nani. Kwa lebo inayoendeshwa na mtu mmoja, wanunuzi hamsini wanaweza kuamua kama albamu inayofuata itatoka au itabaki kwenye kompyuta yake. Kusikiliza bure kisha kusifia hakumlipi fundi wa sauti.

Jumamosi rafiki yangu anakuja kwangu. Sitabishana naye safari hii. Nitaweka albamu ile ya saksafoni na ngoma, nizime feni, tuisubiri dakika ya tisa.