Kiwavi wa matembele na papai la jirani

Tukizungumzia uchavushaji hapa Dodoma tunaishia kwa nyuki. Kwenye semina za kilimo ni nyuki, redioni ni nyuki. Sina ugomvi na nyuki, na asali ya huku kwetu inajitangaza yenyewe. Ila yupo mwenzake wa zamu ya usiku ambaye hatumtaji kabisa, na tukimwona ukutani tunamchapa na ndala: nondo. Nawasemea hasa wale wakubwa, wenye mwili mnene na mabawa membamba, wanaonyonya ua huku wakielea hewani bila kutua.

Angalia mpapai. Dume hutoa maua mengi membamba kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia, na jioni hunukia. Chini kabisa ya kila kijimrija cha ua kuna mbochi kidogo, yale maji matamu ya ua. Ua la jike ni nene, limekaa karibu na shina, na ukilipasua hukuti mbochi hata tone. Nondo anatoka kwa dume na chavua, gizani anapita kwa jike akidhani ni yale yale, anachungulia, anaambulia patupu, anaondoka. Chavua imeshabaki. Papai limetungwa kwa kudanganywa mtu. Watafiti waliofuatilia mashamba ya mapapai nchini Kenya waliona kazi hii ikifanywa hasa na nondo, na mashamba yaliyo jirani na pori zuri ndiyo yanayotembelewa zaidi.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosimulia uhusiano wa nondo na maua kama mapenzi. Kila mwamba ngozi huivutia kwake, na mvutano huo ndio uliowaumba wote wawili. Mwaka 1862 mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alitumiwa ua la okidi kutoka Madagaska yenye mrija wa karibu sentimita 30, mbochi yote ikiwa mwishoni kule. Akasema lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kufika huko. Wapo waliomcheka. Mwanasayansi mwenzake, Alfred Russel Wallace, alimuunga mkono mwaka 1867, na mwaka 1903, Darwin akiwa amekufa miaka 21 nyuma, nondo huyo akaelezwa rasmi, jamii ya Xanthopan, ambayo ina ndugu huku bara.

Hoja ya Darwin naiona bado ina nguvu. Ua lenye mrija mfupi humruhusu nondo anyonye kwa mbali, aondoke bila kubeba chavua. Lenye mrija mrefu zaidi humlazimisha asukume uso wake hadi ndani, na chavua inamganda. Kwa hiyo maua marefu huacha mbegu nyingi. Halafu nondo wenye ndimi ndefu ndio wanaoshiba, wanazaa zaidi, na ua linarefuka tena. Wapo wataalamu wanaosema ndimi zilirefuka kwanza ili nondo akae mbali na buibui wanaojificha kwenye maua, na maua yakafuata. Hata hivyo, hapo pia kila mmoja anatafuta lake.

Kule Amerika kuna mmea uitwao yuka ambao mambo yake ni makali zaidi. Nondo jike huukusanyia chavua kwa makusudi na kuipachika panapostahili, lakini hutaga mayai ndani ya ua hilo hilo, na watoto wake hula sehemu ya mbegu. Akitaga mayai mengi kupita kiasi, yuka hulidondosha tunda changa pamoja na mayai yake.

Sasa turudi kwenye bustani zetu, zile za matembele zinazomwagiliwa maji ya kuoshea vyombo. Kiwavi mkubwa mwenye pembe mkiani anayeyatafuna majani ni mtoto wa nondo mmojawapo anayetembelea mapapai. Ukilima tuta unaweza kumkuta ardhini akiwa pupa ya kahawia, kiwavi anayegeuka nondo, na ulimi wake wa baadaye umejikunja nje ya mwili kama mkono wa birika. Huyo tunampulizia sumu, kisha tunashangaa maua ya mpapai kupukutika.

Na taa. Tangu Dodoma iwe jiji mwaka 2018, majengo na barabara vimeongezeka, na usiku wetu si ule tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wadudu warukao hugeuzia mgongo wao kwenye mwanga, kwa sababu enzi zote upande wenye mwanga ulikuwa juu, mbinguni. Taa ya getini inawavuruga, wanabaki wakizunguka hapo hapo hadi wachoke. Mwili uliotengenezwa kwa vizazi visivyohesabika hauwezi kujirekebisha kwa miaka michache ya ujenzi wetu, na mimi sikubali hoja kwamba viumbe "watazoea tu".

Ninachoomba kinawezekana. Taa ya nje iangalie chini, na izimwe watu wakilala pale ambapo usalama unaruhusu. Viwavi wakizidi kwenye matembele, watoe kwa mkono uwapeleke kwenye magugu ya jamii ya kiazi kitamu kando ya korongo. Wanayala vizuri tu. Na wewe jirani mwenye mapapai, kama mbegu yako si ile inayojichavusha yenyewe, usikate madume yote. Moja kwa majike kumi hivi linatosha.